Uswidi Iliyopanda Kilima cha Gihundwe

Watu wa wilaya yetu ya Rusizi, Rwanda, waliifahamu Uswidi kabla ya kuiona kwenye ramani. Mwaka 1940 Wajerumani waliivamia Norwei na Denmark, majirani wa Uswidi, mwezi wa Aprili, na mwezi uliofuata wakaiangukia Ubelgiji, mtawala wetu wa wakati ule. Mwaka huohuo Waswidi wachache wa Kipentekoste walifungua misheni hapa Gihundwe. Ndugu zao walikuwa wamekwisha kuanza kazi upande wa Uvira, Kongo, tangu miaka ya 1920. Misheni hiyo ya Gihundwe ndiyo chimbuko la kanisa la Kipentekoste la ADEPR, ambalo katika sensa ya 2022 lilikuwa na karibu Mnyarwanda mmoja kati ya kila watano.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Uswidi ni nchi gani, mimi sianzi na Stockholm. Naanza na swali hili: ni Uswidi ipi iliyotufikia hapa kilimani?

Ardhi yao kwanza, maana ndiyo inayowashangaza vijana. Uswidi ni kubwa kuliko Rwanda mara 17 hivi, lakini watu wake hawajafika milioni 11, na sisi tumekwisha kupita milioni 13. Karibu theluthi mbili ya nchi ni msitu. Maziwa yao yanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na lililo kubwa kuliko yote, Vänern, lina eneo mara mbili ya ziwa letu la Kivu. Lakini Vänern ukilipima kina halifiki mita 110, na Kivu letu linazama karibu mita 480. Mlima wao mrefu kuliko yote, Kebnekaise, una mita 2,100 hivi; Karisimbi wetu una 4,507. Hata maji ya Kivu, yaliyotulia pale chini ya mji wa Kamembe, yako mita 1,460 juu ya bahari, juu kuliko sehemu kubwa sana ya Uswidi. Wale wageni walipokuja huku, walikuwa wamepanda.

Lakini kilichowatenganisha zaidi na sisi ni jua. Hapa jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, Januari hata Desemba, na hakuna anayelishukuru kwa hilo. Kule Kiruna, kaskazini kabisa, halizami tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, kisha Desemba linajificha wiki kadhaa lisichomoze hata kidogo. Nchi ya namna hiyo inamlazimu mtu kuweka akiba ya kuni na chakula kabla baridi haijafika, na kumjali jirani, kwa kuwa anayelala nje usiku mmoja wa Januari huenda asiamke.

Tumezoea kuiona Uswidi kama nchi ya matajiri: magari ya Volvo, mitambo ya simu ya Ericsson, misaada. Uswidi iliyozaa misheni ya Gihundwe haikuwa hiyo. Mwaka 1867 na 1868 njaa iliwapiga vibaya, hasa kaskazini, watu wakachanganya magome ya miti na unga ili mkate utoshe. Kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1930, Waswidi zaidi ya milioni moja walipanda meli kwenda Amerika kwa sababu mashamba hayakuwatosha. Wengi wa wale waliokuja Kongo na Rwanda walikuwa wajukuu wa waliobaki: watoto wa wakulima, mafundi, wauguzi. Wala hawakutumwa na serikali yao, wala na kanisa la taifa la Kilutheri. Walitumwa na makutaniko madogo, kila kutaniko likichanga sarafu zake na kumlipia mtu wake nauli.

Mzee mmoja wa Gihundwe, aliyebatizwa katika kanisa hilo akiwa kijana, aliniambia, "Mwanangu, mwamini wetu ulimtambua kwa mambo mawili. Hagusi pombe ya urwagwa, na anajua kusoma."

Nikamuuliza, "Na wale Waswidi, mzee, walikuwa matajiri?"

"Walikuwa na viatu," akajibu, akacheka sana.

Mambo yake mawili yana historia ndefu. Kusoma kwanza. Sheria ya kanisa lao ya mwaka 1686 ilitaka kila mtu, mtumishi na mtoto wa mkulima pia, ajue kusoma neno la Mungu, na mchungaji alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwapima. Sheria ya shule za umma ilikuja mwaka 1842 tu. Kufikia hapo wengi wao walikuwa wamekwisha kusoma, wakifundishwa na mama zao jikoni.

Na pombe. Mwanzoni mwa karne ya 19 karibu kila kijiji cha Uswidi kilikuwa kikitengeneza pombe kali ya viazi na nafaka, na ikawala watu. Maskini wenyewe ndio waliosimama: vyama vya kupinga ulevi, makanisa huru na vyama vya wafanyakazi vilikua pamoja, mara nyingi kwa watu walewale. Mwaka 1922 walipiga kura ya taifa kama pombe ipigwe marufuku kabisa, na marufuku ikashindwa kwa kura chache tu. Hadi mwaka 1955 mtu aliyetaka pombe kali alilazimika kuwa na kitabu cha mgawo, na mpaka leo anainunua kwenye duka la serikali. Basi lile katazo ambalo babu zetu walilipokea Gihundwe kana kwamba limeshuka moja kwa moja kutoka Yordani, lilipitia kwanza katika vijiji vya Uswidi vilivyochoshwa na walevi. Sisemi ni baya. Nimeona nyumba zilizookolewa nalo. Nasema tu kwamba tulipokea dini na pia jawabu la tatizo la watu wengine, bila kuambiwa kipi ni kipi.

Leo mambo yamegeuka. Waswidi wengi hawaendi kanisani isipokuwa kwa ubatizo, harusi na maziko, na kanisa lao la Kilutheri lilitenganishwa na dola mwaka 2000. Wanaojaza baadhi ya makanisa ya Kipentekoste kule Jumapili ni wahamiaji, wakiwamo watu wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu. Wajukuu wa Gihundwe wanawaombea wajukuu wa wamisionari.

Nchi hiyo ina kivuli pia, na Mnyarwanda asiyekitaja hajasema kweli. Mwaka 1922, mwaka uleule wa kura ya pombe, dola ya Uswidi ilifungua Uppsala taasisi ya kuchunguza "mbari". Wataalamu wake walikwenda kaskazini kwa Wasami, wenyeji wafugaji wa kulungu, wakawapima vichwa na kuwapiga picha kama wanyama. Sisi Wanyarwanda, tuliopimwa hivyo wakati wa ukoloni, tunajua mambo ya kupimwa vichwa yanamfikisha mtu wapi. Kanisa la Uswidi, lililokuwa na sehemu yake katika dhuluma hizo, liliwaomba Wasami msamaha hadharani, katika kanisa kuu la Uppsala, mwezi wa Novemba mwaka 2021. Limechelewa, lakini limesema.

Katika nchi hiyohiyo, mwezi wa Juni mwaka 2018, mahakama ya Stockholm ilimhukumu kifungo cha maisha mtu wa hapa kwetu, Cyangugu ya wakati ule, aliyekuwa amepata uraia wa huko, kwa aliyoyatenda katika eneo la Winteko wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mashahidi wa vilima hivi walisikilizwa na majaji wa kule. Naliona hilo kuwa kubwa kuliko shule na zahanati zote walizowahi kujenga.

Vuka mto Rusizi uingie Kongo, uone tunda jingine. Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa kichanga mmisionari wa Kiswidi, Majken Bergman, alimhangaikia hadi akapata dawa. Alikuja kuwa daktari katika hospitali ya Lemera, iliyojengwa na misheni ya Waswidi, mpaka iliposhambuliwa mwaka 1996. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, kwa msaada wa Wapentekoste wa Uswidi, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alfred Nobel alikuwa Mswidi, ijapokuwa tuzo hiyo aliagiza itolewe na Wanorwei.

Lakini urithi ninaoutamani zaidi ndio tulioupokea kidogo. Mwaka 1766 Uswidi ilitunga sheria ya uhuru wa uchapishaji, ya kwanza ya aina yake duniani, na ndani yake ikaweka haki ya mwananchi kuomba na kusoma karatasi za serikali. Vile vyama vya maskini viliendeshwa kwa desturi hiyohiyo: mkutano, kumbukumbu zilizoandikwa, mhazini anayesimama na kuulizwa. Yule mchangaji sarafu wa Uswidi alijua sarafu yake imefika wapi. Sisi tulichukua wimbo, ubatizo na katazo la urwagwa. Daftari la hesabu likabaki kwa wakubwa. Matokeo tumeyaona: mwaka 2020 Bodi ya Utawala ya Rwanda iliuondoa uongozi mzima wa ADEPR baada ya miaka ya migogoro, ambayo fedha zilikuwa sehemu yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, iwe unasali Gihundwe, kwa Wakatoliki wa Mibilizi au msikitini Kamembe: mhazini akisoma hesabu safari ijayo, usiishie kusema amina. Mwombe kwa heshima hiyo karatasi, uisome mwenyewe.