Anayedai Ujira Wake Vitani ni Msaliti?

Ipo kauli inayopendwa sana na wakubwa, kwamba mpiganaji wa kweli haulizi malipo. Akiuliza, basi huyo si mzalendo, ni mtu wa tumbo. Kauli hii hupendeza masikioni, hasa masikioni mwa aliyeshiba. Hebu tuipime kwa vita ambavyo Wamarekani wenyewe huvitukuza mno, vile vya kujikomboa kutoka Uingereza, vilivyoanza 1775 na kumalizika 1783.

Tumezoea kusikia habari za George Washington. Lakini waliobeba bunduki wengi wao walikuwa vibarua, vijana wasio na mashamba, wahamiaji, na watumwa. Waliahidiwa fedha, nguo na ardhi. Katika kambi ya Valley Forge, majira ya baridi ya 1777 hadi 1778, walikufa wapatao 2,000, si kwa risasi, bali kwa maradhi. Wala si kwamba nchi haikuwa na chakula. Walikuwepo wakulima walioona heri wawauzie Waingereza waliokuwa Philadelphia, ambao walilipa kwa fedha ya madini, kuliko jeshi lao lenyewe lililolipa kwa noti zilizokuwa zikipoteza thamani kila uchao.

Januari 1, 1781, askari wa Pennsylvania walioko karibu na Morristown walichoka. Walikuwa hawajalipwa kwa muda wa mwaka hivi. Mkataba wao ulitaja miaka 3 au muda wa vita. Wao wakasema miaka 3 imekwisha, maofisa wakasema vita havijaisha. Wakateka mizinga, wakachagua masajenti wawaongoze, wakaelekea Philadelphia kudai haki yao. Damu ilimwagika usiku ule, hilo hatulifichi.

Jenerali Henry Clinton wa Uingereza akadhani windo limejileta lenyewe. Akatuma watu wawili kwa siri: njooni kwetu, mtalipwa mnachodai. Ndugu msomaji, mtu wa tumbo angefanya nini hapo? Waasi wale waliwakamata wajumbe wakawakabidhi kwa wakubwa, nao wakanyongwa. Askari walikuwa wakiidai serikali yao, hawakuwa wakijiuza. Kudai na kujiuza ni mambo mawili, na anayeyachanganya mara nyingi ndiye mdaiwa.

Mwezi huohuo wenzao wa New Jersey nao waliasi. Hao walikuwa wachache. Washington akatuma jeshi, na viongozi wao wawili wakapigwa risasi na waasi wenzao, waliolazimishwa kufanya hivyo. Wengi wenye mizinga walisikilizwa, wachache wakauawa. Ni vigumu kuiita hiyo haki.

Na watumwa je? Rhode Island mwaka 1778 iliwaahidi uhuru wakijiunga na jeshi. Walipigania shingo zao. Maelfu ya wenzao walikimbilia kwa Waingereza kwa sababu hiyohiyo. Nani mwenye uso wa kuwalaumu?

Maofisa waliahidiwa nusu mshahara maishani tangu 1780. Askari wa kawaida walisubiri pensheni hadi 1818, tena sharti awe fukara. Joseph Plumb Martin, aliyeingia jeshini 1776 akiwa na miaka 15, ilimbidi mwaka 1820 aorodheshe mali yake mbele ya mahakama ili aendelee kupewa dola 8 kwa mwezi. Alikuwa na ng'ombe 2, kondoo 6 na nguruwe mmoja.