Haki ya Aliyedhulumiwa Yaanza Lini?

Ndugu zetu Waislamu, limeulizwa katika darsa yetu suala hili: mtu akidhulumiwa, haki yake yaanza tangu alipodhulumiwa, au yangoja mpaka serikali iandike mashitaka? Wako wasemao kuwa hilo ni jambo la mawakili. Sisi twaona ni jambo la dini pia.

Na tutazame yaliyotokea Marekani. Mwaka 2004 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwapa waliodhulumiwa haki ya kushauriana na mshitaki wa serikali. Mwaka 2007, katika jimbo la Florida, washitaki wa serikali kuu walipatana kwa siri na tajiri Jeffrey Epstein, aliyetuhumiwa kuwaharibu wasichana wadogo, kwamba hawatamshitaki. Mwaka 2008 akakiri makosa mepesi zaidi mbele ya mahakama ya jimbo, akafungwa miezi kama 13. Na wasichana? Waliandikiwa barua kwamba uchunguzi ungali ukiendelea, wasubiri! Mwaka 2019 jaji mmoja alihukumu kuwa haki zao zilivunjwa. Walakin mwaka 2021 mahakama ya rufaa, kwa majaji 7 dhidi ya 4, ikasema kuwa maadamu mashitaka hayakufunguliwa, sheria ile haiwapi njia ya kwenda kudai. Basi mapatano yaliyozuia mashitaka ndiyo hayo hayo yaliyoziba mlango wa haki.

Maulamaa wetu wametenga haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Haki ya mja huthubutu kwa dhulma yenyewe, si kwa kalamu ya karani. Aliyeuawa kwa dhulma, walii wake amepewa mamlaka kwa nassi ya Qur'ani, Sura ya 17, aya ya 33: hiari ya kisasi, dia au msamaha ni yake, wala hakimu hawezi kusamehe kisicho chake.

Atasema msemaji: mtuhumiwa naye ana heshima yake, na uchunguzi wahitaji siri. Ni kweli. Lakini kumwambia aliyedhulumiwa na kumuuliza si kumhukumu mtuhumiwa.

Katika Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 50, iliagiza itungwe sheria ya kuwalinda waliotendewa jinai, nayo ikapitishwa mwaka 2014. Hilo twalishukuru. Hata hivyo tusiwacheke Wamarekani. Huku kwetu mwambao huharibiwa mtoto, na kabla polisi hawajaandika neno, wazee huketi, fedha zikatolewa, ikasemwa, "Tusitiriane." Baba na ami hupokea; mtoto yuko ndani, nyuma ya pazia. Sitara gani hii imfunikayo mdhalimu apate kurudia? Walii amewekwa aihifadhi haki ya mtoto, hakuwekwa aiuze.

Nasi tumepata kuitwa katika vikao kama hivyo, tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa, wala hatukuuliza mtoto mwenyewe asemaje.