Kina na Kweli

Mwanafunzi aanzaye elimu ya ushairi hufundishwa kwanza majina ya viungo vya shairi. Mstari mmoja huitwa mshororo, na mishororo iliyofungamana hufanya ubeti. Katika shairi la tarbia ubeti una mishororo 4, na kila mshororo una vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Kwa desturi kila kipande hupewa mizani 8, yaani silabi 8, hata mshororo ukatimiza 16. Vina ni silabi zilinganazo sauti katikati na mwisho wa mishororo. Utenzi una njia yake: mshororo ni wa mizani 8, mitatu ya kwanza hushirikiana kina, na wa nne huchukua kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho.

Kanuni za namna hii zilielezwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichochapishwa mwaka 1954. Lakini nyuma ya hesabu hii liko swali la wema na ubaya. Kina kikidai neno moja na kweli ikidai jingine, mtunzi atii lipi?

Tuseme mtunzi ataka kumsifu hakimu kwa haki yake. Vina vyake vya mwisho ni “ma”, na neno “haki” halikubali kukaa hapo. Basi huandika “huruma”. Sikio limeridhika, lakini aliyesifiwa ni mtu mwingine. Hakimu mwenye haki aweza kumfunga hata ndugu yake. Mwenye huruma aweza kumwachia mwizi. Shairi limetimia, na ushahidi umeharibika.

Mtunzi huyo akijitetea kwamba sheria ilimlazimisha, utetezi wake ni dhaifu. Kiswahili ni kipana: maneno hukubali kuhama mahali pake, kina huweza kubadilishwa, na ubeti mzima huweza kufutwa ukatungwa upya. Tena mapokeo yamempa ruhusa. Kwa inkisari hufupisha neno, akasema “mekuja” badala ya “amekuja”. Kwa mazida hulirefusha, “enda” likawa “enenda”. Ruhusa hii hugusa umbo la neno, haigusi maana yake. Mpaka wa uhuru wake uko hapo.

Wako waonao kuwa dawa ni kuvitupa vina. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake, Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mabishano makali yakazuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Hata hivyo, aliyeacha vina hakuepukana na jaribu. Neno tamu humvuta naye mbali na kweli, nalo humvuta bila ya kulazimishwa na kanuni yoyote. Kwa hiyo udhuru wake ni mdogo zaidi.

Basi kosa halimo katika kina wala katika kukosa kina. Limo katika kuridhika upesi. Mwanafunzi na ahesabu mizani kwa vidole. Akiisha kuhesabu, ajiulize kama neno lililoingia mwishoni mwa mshororo ndilo alilokusudia kulisema.