Chanzo Kinahitaji Njia

Ni kosa la nani? Swali hili hufuata kila msiba. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Sisi wa Balangdalalu ni wa wilaya hiyohiyo; tulizika ndugu. Msiba wa namna hiyo haukosi mtu wa kusema kwamba waliokufa walimkosea Mungu.

Neno hilo tulipime kwa kipimo cha wanafizikia. Wanaochunguza vimiminika vinavyokwenda karibu na kasi ya mwanga hudai mambo mawili. Kwanza, chanzo hakileti tokeo mahali ambapo hakijapata muda wa kufika. Hata mwanga huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, wala hakuna kinachoupita. Pili, kimiminika kilichotulia kikiguswa kidogo, kitulie tena. Mwaka 1940 Carl Eckart aliandika milinganyo ya vimiminika hivyo, ikiheshimiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1985 William Hiscock na Lee Lindblom walionyesha kwamba ndani yake mtikisiko mdogo hukua bila kikomo. Werner Israel na John Stewart walikuwa wamekwisha kuonyesha njia bora: kimiminika kipewe muda wa kuitikia.

Neno la "walikosea" hushindwa mara mbili. Halionyeshi njia kutoka dhambi ya mtu hadi jiwe la mlimani. Tena halitulii: huanza kwa marehemu, humfikia mjane, huishia kuutenga ukoo mzima.

Je, Mungu naye amefungwa na kasi ya mwanga? Hasha. Muumba si chanzo kimoja kati ya vyanzo. Ndiye anayevishika vyote. Lakini sisi si Mungu. Anayemsemea asichofunuliwa huvunja amri ya nane, kwa kumshuhudia uongo jirani aliye kaburini. Katika Luka 13, Yesu alikataa kuwahesabu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu kuwa wakosaji kuliko wengine. Aliwageukia waliosimama wazima, akawaita watubu.

Basi toba ianze kwetu tuliobaki, na mjane apelekewe unga, si hukumu.