Lilikuwa Wapi Katikati?

Mto Umba unaanzia kwenye misitu ya Usambara, unateremka hadi nyika kavu ya kaskazini mashariki, unavuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga, Kenya. Katika nyika hiyo wachimbaji wadogo huchekecha mchanga wakitafuta yakuti na ganeti. Wauza vito wanazijua ganeti za Umba kwa rangi zake. Wanafizikia nao wana ganeti yao, na sababu yao ni nyingine kabisa.

Ilielezwa mwaka 1956 huko Grenoble, Ufaransa, na Bertaut na Forrat: ganeti ya chuma na itriamu, iliyotengenezwa na binadamu. Atomi zake zimejipanga kama za jiwe la Umba, ila mahali palipokaa silikoni na alumini pamekaa chuma. Kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo mno. Moja ikiyumba, jirani yake huyumba, kisha jirani wa jirani. Kuyumba huko kukisafiri ndiko wimbi la spini, ambalo Felix Bloch alilieleza kwa hesabu mwaka 1930. Hakuna atomi inayohama. Na katika ganeti hii wimbi linaweza kwenda hata sentimita nzima kabla halijafifia, jambo ambalo metali nyingi haziliruhusu.

Mwaka 2004 Sergej Demokritov na wenzake waliliwekea kizuizi: sehemu ya utando wa ganeti ambamo uga wa sumaku umevurugwa hadi wimbi halina njia ya kuendelea. Kiasi fulani kilitokea ng'ambo. Baadaye watafiti wakaukata utando wenyewe, ukabaki mwanya mtupu. Wimbi likavuka tena, kwa sababu uga wa upande huu ulikwisha kuufikia upande ule.

Nawasikia wahamasishaji wakilidaka hili: kaza moyo, ukuta utakupisha! Sikubaliani nao. Wimbi halikazi chochote. Mwanya ukiongezeka upana, kinachovuka hupungua kwa kasi ya kukatisha tamaa, na sehemu kubwa hurudishwa lilikotoka.

Kinachonikera ni swali la mtoto: lilipokuwa katikati, lilikuwa wapi? Kadiri ninavyolifikiri, naona swali limedhania mwili uliopita, na mwili huo haukuwapo hata kabla ya mwanya. Kilichokuwapo ni namna ya kuyumba iliyopokewa na waliobaki palepale.

Hapo ndipo ninapomfikiria Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, ambaye masimulizi yanasema aliwagawia Wasambaa nyama wakamfanya mtawala. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alipoziandika habari za Wakilindi, yaani ukoo wa Mbegha, Mbegha mwenyewe alikuwa amekufa zamani, na waliomwona kwa macho nao walikwisha. Habari ilipita midomoni mwa watu ambao kila mmoja alibaki kijijini kwake, akazikwa huko.

Ila mfano wangu unachechemea. Wimbi la spini hufika limekonda, hali habari za Mbegha, nadhani, zilifika zimenona, kwa kuwa msimuliaji hupokea na kuongeza. Mwanafizikia angeiita nyongeza hiyo kelele, akaichuja. Lakini ni kwa habari hizo, pamoja na nyongeza zake, Wakilindi walidai haki ya kutawala kutoka Vugha, na watu wakawapelekea ushuru.