MLIMA HAUHAMI



Ijumaa moja ya Kwaresima iliyopita tulipanda kilima kilicho karibu na bwawa la Mtera, tufanye Njia ya Msalaba. Walikuwapo vijana 32, mimi padre wao, na mzee mmoja mfugaji aliyekubali kutuongoza. Mzee huyo hajabatizwa, wala hakujua vituo vyetu ni vingapi. Lakini vilima vile avijua tangu utoto wake, kabla maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo hayajazuiliwa kwa ukuta uliokamilika mwaka 1980.

Watu wa Ulaya wakitaja dhoruba za majira ya majani kupukutika, hufikiri Oktoba. Kwetu kusini mwa ikweta majira hayo huangukia Machi na Aprili, masika yanapojiandaa kuaga. Nchi ya Dodoma hupata mvua kama milimita 600 tu kwa mwaka, lakini haziji kwa upole. Hushuka kwa radi na kishindo, ardhi ngumu haiwahi kuzinywa, na maji yote hukimbilia makorongoni. Kwa hiyo korongo laweza kufurika hali wewe uliyesimama ndani yake hujalowa hata tone.

Basi tulipofika kwenye korongo lililo chini ya kilima, mchanga ulikuwa mkavu na jua lawaka. Mzee akasimama, akatazama upande wa milima ya Iringa, ambako mawingu yalikuwa meusi kama chungu. Akasema, “Padre, mlima hauhami. Turudi, tuje siku nyingine.”

Mimi nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu kwamba kituo cha kumi na mbili tutakisali kileleni saa tisa kamili, saa aliyokufa Bwana wetu. Nikamjibu, “Mzee, twaenda kusali. Mungu atatulinda.” Vijana wakashangilia. Nikavuka wa kwanza. Yule mzee alipoona hazuii kitu, hakutuacha, alivuka nasi.

Hatukufika kituo cha kumi. Upepo ulitukuta juu ya mwamba mtupu, mvua ikafuata, na kati ya umeme na ngurumo nilihesabu tatu tu, yaani radi ilipiga kama kilomita moja kutoka tulipokuwa. Mbele yetu kijana mmoja alikuwa ameshika msalaba wetu, uliochomelewa kwa bomba la chuma, mrefu kupita kichwa chake. Mzee akapiga kelele: “Padre, mwambie alaze chuma hicho!” Nakiri kwamba nilisita. Naam, nilisita, nikifikiri watu watasemaje padre akiamuru msalaba utupwe chini. Mzee hakunisubiri. Aliutwaa mwenyewe, akaulaza mwambani taratibu, akatushusha bondeni mbali na ule mbuyu uliosimama peke yake, ambao wengi walikuwa wakiukimbilia. Akatuchutamisha mbali mbali.

Turudipo, korongo lilikuwa mto wa rangi ya udongo, ukibeba magogo. Tulingoja hata usiku. Maji yalipopungua, mzee alitangulia akipima kwa fimbo, nasi tukashikana mikono. Mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili aliteleza, akazama hata kichwa. Mzee akamshika mkono. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba aliyemshika hakuwa mimi.

Wazazi mliokwisha kusikia habari hizi kwa watoto wenu, zisikieni sasa kwangu. Kosa lilikuwa langu, naomba radhi.

Mara nyingi nimewahubiria watoto ile methali ya asiyesikia la mkuu. Haikunijia hata siku moja kwamba mkuu aweza kuwa mtu mwingine. Tena nilikuwa nimekwisha kusoma seminarini kwamba tumaini lina adui wawili: kukata tamaa, na kule kumtumainia Mungu kijeuri, mtu aonywapo asitake kuonyeka. Ibilisi alimpandisha Bwana wetu Yezu Kristu juu ya mnara wa hekalu, akamtajia Maandiko, akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Bwana hakubisha kwamba malaika wapo. Alikataa kumjaribu Baba yake. Mimi niliwaingiza watoto wa watu korongoni nikitaja jina la Mungu, na kumbe nililokuwa nikilinda ni tangazo langu.

Asiwepo wa kunielewa vibaya kwamba kila apatwaye na maji amekosa. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri ya Jumapili, ubavu wa Mlima Hanang uliolegezwa na mvua ulimomonyoka, tope likateremka Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Hao walikuwa makwao. Tuwaombee. Mimi nilikuwa na mtu wa kuniambia.

Ijumaa Kuu tulikwenda tena, na wazazi kadhaa wakafuatana nasi. Kwenye korongo mzee aliinama, akagusa mchanga, akasikiliza kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limesogea, na saa tisa ilikuwa yakaribia. Vijana walinitazama mimi. Nikawaambia wakae chini, tumngoje.