Kumlilia Mzee wa Watu

Liko swali ambalo lafaa kuulizwa wakati wa utulivu, wala si wakati wa msiba: Je, ni haki taifa zima limlilie mtu mmoja, hali lina maelfu ya wafu wengine wasiotajwa? Wako wasemao kwamba ni haki, maana mtu mwema hulipwa heshima. Wengine hukataa, wakisema kwamba mauti hayachagui, basi na kilio kisichague. Nitajaribu kulipima neno hili kwa habari za mzee mmoja wa Uingereza, ambaye jina lake lilivuma duniani katika mwaka wa mwisho wa maisha yake.

Tom Moore alizaliwa tarehe 30 Aprili 1920 katika mji wa Keighley, upande wa Yorkshire. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa afisa wa jeshi, akatumikia India na Burma. Vita vilipokwisha alirudi kwao, akafanya kazi, akalea binti wawili, akazeeka kama wazeekavyo watu wote. Mwaka 2018 alianguka akavunjika nyonga, akauguzwa na hospitali za taifa. Mwezi wa Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa ukiwaua watu wengi nchini kwake, aliazimu kutembea katika bustani ya nyumba yake, kijijini Marston Moretaine, mizunguko 100 kabla ya kutimiza miaka 100. Kila mzunguko ulikuwa mita 25, naye alikwenda polepole akijishikilia kigari cha wazee. Alitumaini kupata pauni 1,000 kwa ajili ya vyama vya sadaka vinavyosaidia hospitali zile. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika, watu zaidi ya 1,500,000 walikuwa wametoa, na jumla ilizidi pauni milioni 32.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mzee huyu hakutoa mali; alitoa hatua zake. Wengine ndio waliotoa fedha, wengi wao kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba. Fedha zile zilisaidia kuwapatia wauguzi mahali pa kupumzika, na kuwapatia wagonjwa waliotengwa vyombo vya kuzungumzia na jamaa zao. Mwezi wa Julai mwaka ule Malkia Elizabeth alimtunukia cheo cha heshima katika ngome ya Windsor, naye akaitwa Sir Tom.

Tarehe 2 Februari 2021 alifariki katika hospitali ya Bedford, akiwa na ugonjwa ule ule wa korona. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Bunge likakaa kimya dakika moja kwa ajili yake na kwa ajili ya wote waliokufa. Kesho yake, saa kumi na mbili jioni, watu wakasimama milangoni pa nyumba zao wakampigia makofi, na waziri mkuu, Boris Johnson, pamoja nao. Katika mazishi yake, tarehe 27 Februari, askari walilichukua jeneza, wakapiga bunduki za heshima, na ndege ya zamani ya vita ikapita juu. Lakini waliohudhuria kwa jamaa yake walikuwa wanane tu, kwa sababu ya hatari ya kukusanyika. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mzaha; alikuwa amesema angependa kaburi lake liandikwe neno la kuchekesha juu ya uzee wake.

Basi sasa tuzisikilize hoja za wasioridhika.

Hoja ya kwanza yasema hivi: Wiki moja kabla ya kufa kwake, hesabu ya waliokufa kwa korona nchini Uingereza ilikuwa imepita 100,000. Je, hao hawakuwa na mama zao? Kwa nini makofi ya taifa yawe ya mmoja tu, tena aliyekula chumvi nyingi hata akapita miaka mia?

Hoja hii ina uzito, lakini mwenye kuisema hajautazama vizuri msiba. Katika miezi ile watu wengi walikufa bila kushikwa mkono na watoto wao. Wengi walizikwa mbele ya watu wachache, na majirani wakakatazwa kuingia nyumbani kwa wafiwa. Huzuni ilikuwapo, lakini ilikosa uwanja. Sisi twajua jambo hili kwa desturi zetu. Mwanamke huenda matangani kwa jirani, akaanza kumlilia maiti aliye mbele yake, na katika kilio kile akamtaja mama yake aliyekufa zamani, na mtoto wake aliyemzika mchanga. Hakuna amkemeaye. Twajua kwamba msiba mmoja hufungua mlango wa misiba mingine. Vivyo hivyo wengi waliosimama mlangoni jioni ile kumpigia makofi Tom Moore, hapana shaka walikuwa na jina jingine mioyoni mwao. Aliyeliliwa kwa sauti alikuwa mmoja, walioliliwa kwa siri walikuwa wengi. Kumlilia mmoja si lazima kuwe ni kuwasahau wengine.

Hoja ya pili ni kali zaidi. Padre mmoja wa London aliandika kwamba makofi yale yamekuwa kama ibada ya kuitukuza nchi na watu weupe wake. Watu walimkasirikia sana, wakuu wa kanisa lake wakamkemea, naye akaomba radhi. Wengine waliuliza kwa upole zaidi: Hospitali za nchi tajiri zimepungukiwaje hata mzee wa karibu miaka 100 atembee kwa ajili yake? Na wauguzi, ambao siku za mwanzo wengi wao walikosa mavazi ya kuwakinga, je, makofi yatawavika?

Kwa maoni yangu, ukali wa maneno ya padre yule uliwaumiza wafiwa ambao hawakuwa na hatia, na neno la kweli nalo lina saa yake. Lakini tusilitupe swali pamoja na ukali wake. Sifa yaweza kuwa pazia. Wakubwa wakimsifu sana mtoa sadaka, yamkini watu wasiulize kwa nini sadaka ilihitajiwa. Hilo si kosa la mzee aliyetembea, wala si kosa la aliyetoa pauni yake. Ni kosa letu tukiridhika na kulia, tukaenda zetu.

Hapo ndipo ninapoona jawabu la swali letu. Kwetu, maiti akiwa bado hajafukiwa, mmoja wa jamaa husimama akasema: Mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na mwenye kudaiwa naye ajitokeze. Hatusemi hivyo kwa kumdharau aliyekufa. Twasema hivyo kwa kumheshimu, ili alale bila deni. Mazishi yenye machozi bila ya tangazo lile si mazishi kamili. Kilio cha taifa kwa mtu mwema ni haki, mradi baada yake madeni yasomwe.

Na madeni ya msiba huu yalikuwapo. Jina la mzee lilianzishiwa chama cha sadaka mwaka 2020, kikasimamiwa na watu wa nyumba yake. Halmashauri ya serikali inayochunguza vyama vya sadaka ikaanza uchunguzi mwaka 2022, na mwezi wa Novemba 2024 ikatoa taarifa yake. Ilisema kwamba binti yake na mkwewe walishindwa mara kwa mara kutenga faida yao na faida ya chama. Walionunua kitabu cha mzee walikuwa wamefanywa waamini kwamba sehemu ya fedha itakwenda katika sadaka, lakini katika malipo ya awali ya karibu pauni milioni moja na nusu, chama hakikupata kitu. Wawili hao walizuiwa kusimamia chama chochote cha sadaka, mmoja kwa miaka 10, mwingine kwa miaka 8. Wao walilalamika kwamba hawakutendewa haki.

Wengi waliosikia habari hizi walisema kwamba basi machozi yao yalipotea bure. Sivyo. Zile pauni za matembezi zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa vyama vya sadaka vya hospitali kabla chama hicho hakijaanza, wala uchunguzi haukuzigusa. Wema uliokwisha kutendwa hauharibiwi na tamaa ya wanaokuja nyuma. Lakini fundisho limo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mara nyingine mgema mwenyewe amelala kaburini, maji yakatiwa na walioshika kibuyu chake. Jina jema ni amana. Tunapolikuza jina la mtu kupita kiasi, twaifanya amana hiyo kuwa kubwa kuliko nguvu za wanaoilinda, kisha twashangaa ikianguka.

Liko na deni jingine, nalo latuhusu sisi. Tom Moore alikuwa Burma, na Burma walikuwako watu wetu pia. Askari wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa walipita bonde la Kabaw mwaka 1944, penye mvua na malaria, hata wakaufikia mto Chindwin. Waliorudi walilima, wakalea, wakazeeka. Karibu wote wamekwisha kufa, na wengi walizikwa bila bunduki wala ndege. Sisemi haya ili tumwonee kijicho mzee wa Yorkshire. Heshima aliyopewa haikuibwa kwetu. Nasema ili tujiulize: Ikiwa Waingereza walijua kusimama mlangoni kwa ajili ya mzee wao, sisi tulisimama kwa ajili ya nani? Katika kila kijiji yuko bibi aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya senti za bati la shule, na yuko mzee aliyeomba mchango wa kumpeleka mgonjwa hospitali. Wakifa hao, twaona hasara kuacha majembe hata nusu siku.

Basi msomaji, usiwacheke wamliliao mtu ambaye hawakupata kumwona. Nao wakilia, usiwaambie wanyamaze. Lakini kilio kikiisha, uliza kama mtunzaji wa deni: Mchango ulifika? Mgonjwa aliyetajwa ametibiwa? Muuguzi amevikwa? Hapo marehemu atakuwa amepewa haki yake, nawe utakuwa umelia kama mtu mzima.